Aliyenawa Asimege Ugali

Kwa kumega ugali sina mpinzani kuanzia Mkolani mpaka stendi ya Nyegezi, na anayebisha aje na sahani yake. Juzi mchana nilikuwa kwa mama ntilie, na meza ya pili waendesha bodaboda walikuwa wanachangia sahani moja kama kawaida yao. Mwenzao mmoja, mtu mzima, alinawa, akaketi, kisha akala mchicha tu.

"Vipi kaka, umeona tumetia sumu?" kijana mmoja akamchokoza. Kwetu utani huo una mwiba, maana anayekataa sahani ya pamoja huonekana anawashuku wenzake.

"Sukari imepanda," akajibu taratibu. "Daktari kasema niache ugali, macho yameanza kuona ukungu. Nisipoiona barabara, wanangu watakula nini?"

"Sasa si ungekula kwako?"

"Kuacha ugali nimeweza, mdogo wangu. Kula peke yangu ndiko sijaweza."

Yule mchokozi akachukua kichwa cha samaki sato, kile wanachonyang'anyana kila siku, akamsogezea.

Sisi mtu akiacha pombe tunampongeza. Akiacha ugali tunamuuliza kagombana na nani, kumbe mwenzetu anapigania macho yake.