Managu ya Mama Mkwe

Mwaka wa hamsini na nane tuliishi Bahati, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu. Kila Jumatano sisi wanawake tulikusanyika nyuma ya ghala, mwalimu Eucabeth akatufundisha kulima bustani: kutengeneza kitalu, kunyoosha mistari kwa kamba, kupanda kabichi. Akasema atakuja kukagua, na mwenye bustani safi kuliko wote atapewa zawadi.

Mimi na kiherehere changu! Nilishika jembe nikang'oa kila kitu, hata managu, ile mboga ya kienyeji, iliyojiotea pale tulipokuwa tukimwaga jivu. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Wariara, hiyo ni mboga yangu."

"Mama, haya ni majani ya porini tu. Siku hizi tunapanda mboga za maana."

Akarudi ndani.

Nilishinda, nikapewa sufuria, nikapikia kabichi. Mama hakuwa na meno. Aliifyonza maji, kisha akaitema kando akidhani simwoni.

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta kitandani, hali chochote. Siku moja akaniambia anatamani managu, kidogo tu. Nikachukua kikapu, nikazunguka kambi nzima nyumba kwa nyumba. Kila bustani ilikuwa safi, mistari imenyooka, hakuna hata jani moja la managu. Wanawake wote tulikuwa tumeelimika.

Nilirudi na kikapu kitupu, nikasimama mlangoni.

"Basi nipikie hiyo kabichi yako," mama akasema. "Hata hiyo ni tamu."