Gego la Bwana Vigae

Jumatano, tarehe 14 Machi. Mawingu tangu alfajiri, joto la kufukuta, mvua haikunyesha.

Siku hiyo Bwana Vigae aliamka shavu limevimba kama mtu aliyeficha limau mdomoni. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiakadi, lugha ya Mesopotamia ya kale, ambayo watu wake waliiandika kwenye vigae vya udongo na ambayo haina msemaji tangu karibu miaka elfu mbili iliyopita. Aliingia kwenye somo hilo kwa kuona haya. Akiwa mwanafunzi mpya alikuwa akitafuta darasa la uhasibu, akakosea mlango, akamkuta mwalimu mmoja na viti vitupu, akaona vibaya kutoka. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe amesomea vigae, na mara mbili aliitwa kutengeneza sakafu ya bafu.

Mchana huo alitakiwa kusimama mbele ya baraza la chuo, lililotaka kulifuta somo lake. Alikuwa amejiandaa kusoma dua ya kale ya jino. Watu wale wa Mesopotamia waliamini jino linatafunwa na mdudu, na mganga humfukuza kwa maneno.

Mkewe, fundi cherehani, alimwambia aende kwanza kwa daktari wa meno. Bwana Vigae, ambaye huogopa koleo kuliko kifo, alisema atajaribu dua, kwa ajili ya utafiti. Akaisoma mbele ya kioo.

“Mdudu wako kazaliwa hapa hapa, baba watoto,” mkewe alisema. “Hicho Kiakadi atakijulia wapi?”

Aliona hoja hiyo ina uzito. Akaketi, akaifasiri dua yote kwa Kiswahili, akaisoma tena. Mkewe alicheka mpaka akajichoma sindano. Jino likazidi kuuma.

Barazani alifika na leso imefungwa kichwani mpaka kidevuni. Maelezo yake yalikuwa makavu kama kawaida. Lakini alipofika kwenye dua, akashika shavu, sauti ikatetemeka, machozi yakamtoka, akamsihi mungu wa kale ampige yule mdudu bila huruma. Mhasibu mkuu, aliyeleta hoja ya kulifuta somo, alianza kujipapasa taya.

“Mwalimu,” mwenyekiti alisema, “hata mimi limeniuma.”

Somo lilipewa miaka mitatu zaidi. Wakamwomba pia arudie dua hiyo Ijumaa mbele ya wageni wa chuo, vilevile, bila kupunguza kitu.

Alirudi nyumbani akichechemea, ingawa miguu haikuwa na tatizo.

Kesho yake asubuhi aliketi kwenye kiti cha daktari wa meno, mkewe kasimama mlangoni. Akauliza kwa adabu kama jino linaweza kutibiwa nusu, liendelee kuuma kiasi mpaka Ijumaa jioni. Daktari alimwangalia mke.

“Ng’oa tu, daktari,” mke alisema.