Mgomba wa Mama Furaha

Jumamosi iliyopita nilimkatia jirani mgomba wenye mkungu mchanga, mbele ya watoto wake, na nikajiona shujaa.

Mwanangu Brian alikuwa ameugua malaria tena. Nyumbani kwangu Bukoto kila kitanda kina neti, madirisha yana wavu, na jioni napuliza dawa. Nilichunguza chumba baada ya chumba, kisha nikatoa hukumu: mbu wanatoka kwenye mgomba unaogusa dirisha la mtoto.

Mwenye mgomba ni Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu. Nilimwita mwenyekiti wa mtaa, nikahutubia uani kama waziri.

"Baba Brian," akasema Mama Furaha, "ile ndizi ni chakula ya batoto. Mbu inazaliwaka mu maji."

"Mama, haya ni mambo ya afya," nikamjibu. Mwenyekiti akasita. Mimi nikashika panga.

Mgomba ulipoanguka, nyuma yake likaonekana pipa lililojaa maji ya mvua. Mwenyekiti akachota kikombe, akakitazama juani. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza ndani.

"Ssebo, bwana, hii pipa ni ya nani?" akaniuliza.

Lilikuwa langu. Niliondoa mfuniko mwenyewe ili maji ya paa yaingie, akiba ya siku ambazo mfereji hukauka.

Mama Furaha hakucheka. Aliinua ule mkungu, akaupima mikononi.

"Sasa batakula nini?"