Nauza ving'amuzi Kariakoo: walipoiondoa chaneli ya ligi yetu, nilikomaa mpaka kwa mdhibiti

Wakuu, habari za mihangaiko?

Nashinda humu nasoma nyuzi zenu bila kuchangia. Leo naleta ya kwangu, na chumvi sitaongeza, maana baadhi yenu mnanunua dukani kwangu, mtanisuta.

Mimi ni mama wa Kichagga, nina duka la ving'amuzi hapa Kariakoo. Mdomo ninao, mume wangu ni shahidi. Nikimwambia mteja kitu kizuri, basi kizuri kweli.

Sasa kabla ya msimu kuanza, kampuni moja (jina kapuni) ilitushushia mzigo mpya na bango kubwa: ligi yetu yote imo humu. Nikauza kama karanga. Kila mteja nilimwambia kwa mdomo wangu huu huu, chukua hiki, mechi za nyumbani hutakosa hata moja.

Mmoja wao ni Mzee Kombo wa Magomeni. Miguu imemchosha, haendi mbali tena. Ana mjukuu anaitwa Shabani, amemlea mwenyewe tangu mama wa huyo kijana alipofariki. Shabani anacheza beki kwenye timu ya mkoani huko. Sio staa, wengi wenu hamumjui. Mzee alinunua king'amuzi ili amwone huyo tu.

Msimu haujafika katikati, chaneli ikatoweka. Ukiifungua unakuta maandishi, haipatikani. Kumbe kampuni pinzani imeinunua iwe ya wateja wake peke yao. Unataka mpira wa nyumbani? Kanunue king'amuzi chao.

Wakuu, dukani hapakukalika. Watu wanakuja na ving'amuzi kwapani, na risiti zangu, kama za nusu ya Kariakoo, zimeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Wakanifokea, nikawafokea, tukachoka wote.

Mzee Kombo hakufoka. Alishuka kwenye bajaji, akaweka king'amuzi juu ya kaunta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniambia taratibu:

"Mwanangu, ulinipa neno lako."

Iliniuma jamani. Bora angenitukana.

Nikatoa king'amuzi cha wale wapinzani kwenye rafu, nikamwambia chukua Mzee, bure. Akakisukuma pembeni. Akaniuliza, mwakani chaneli ikihamia kwa mwingine nitampa na hicho? Na majirani zake niliowauzia, nao nitawapa? Akabeba cha kwake akaondoka.

Jirani yangu wa duka anaitwa Bhavesh, anauza televisheni, familia yao ipo mtaa huu tangu enzi za babu yake. Aliponiona nimenuna akanishauri kwa nia njema kabisa: Mama Glory, hii neema, sasa kila nyumba itataka ving'amuzi viwili, agiza mzigo. Kibiashara alikuwa sahihi. Nikamwambia neema ya hivyo siitaki. Akacheka, akauliza Wachagga tumeanza lini kukataa hela.

(Wachagga wenzangu wa Machame msinijibu hapo.)

Nikapeleka malalamiko kwa mdhibiti wa utangazaji. Kwa msiojua, hawa kazi yao sio kuzifungia redio za matusi tu. Kampuni zikigombana na mteja akaumia, pia ni kazi yao. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri, nikarudi. Nikarudi tena, mpaka mlinzi wa getini akawa ananiuliza hali ya watoto. Mwisho nikaambiwa kuna kikao cha wazi, kampuni zote mbili zitasikilizwa na wananchi wanakaribishwa.

Nikampigia Mzee Kombo kumjulisha. Nilijua ataniombea dua tu. Siku ya kikao namwona anaingia na kanzu na koti, ameshikwa mkono na Bhavesh! Amefunga duka kwenda kumchukua Mzee kwa gari lake. Nikamsamehe yote.

Wakili wa wale wapinzani aliongea vizuri, tuseme ukweli. Haki za matangazo wamezilipia, na pesa hiyo ndiyo inayoendesha timu. Nikawaza, hata mshahara wa Shabani umo humo. Hapo nikalegea kidogo. Akamalizia kwamba mtazamaji ana uhuru wa kuchagua king'amuzi anachotaka.

Nikapewa maiki. Wakuu, mdomo wote ule, nikaishia maneno machache. Nilichoweza kusema ni kwamba bango lilisema hivi, nikawaambia watu hivi, na sasa sina uso wa kuwatazama. Nikakaa.

Mzee Kombo akaomba maiki, akaongea akiwa amekaa.

"Mimi nilishachagua, wanangu. Nichague mara ngapi ndiyo nimwone mjukuu wangu?"

Akarudisha maiki.

Uamuzi kamili bado. Ila lilitoka agizo la muda: chaneli irudi kwenye ving'amuzi vyote wakati shauri linaendelea, na kampuni zikae zikubaliane malipo.

Juzi Jumamosi nikaenda Magomeni kuangalia mechi na Mzee. Shabani hakupangwa. Kipindi cha kwanza benchi, cha pili benchi. Roho ikaniuma, mahangaiko yote yale halafu mtoto hagusi mpira. Nikaanza kumpa Mzee pole.

Hakunisikia. Kamera ilipita kwenye benchi mara moja tu, akasogea mbele ya kiti akanyoosha kidole.

"Amekonda," akasema. "Nipe simu nimuulize kama anakula."

Wakuu, nilitoka nje kidogo nikajifuta macho.

Nilichojifunza: siku hizi siahidi tena kwa niaba ya kampuni, namwambia mteja ukweli kwamba chaneli inaweza kuondoka. Na kwa mdhibiti ukienda mara moja ukakata tamaa, umejishinda mwenyewe. Uamuzi ukisomwa nitakuwa kiti cha mbele, na Mzee ameshaniagiza nimpitie.

Nyie mnaonaje, chaneli ya ligi iwe kwenye kila king'amuzi, au aliyeinunua aachiwe mali yake? Hata watu wa kampuni karibuni. Ila andikeni kwa adabu, nitamsomea Mzee Kombo yote.