Neno la Mama Banzi

Kuna watu wanaofanya kazi kwa mikono na wengine kwa mdomo. Mama Banzi alifanya kwa vyote viwili, na ungemuuliza kipi kilimletea sifa zaidi asingekubali kuchagua. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, baada ya dirisha la dawa na kabla ya choo. Mgonjwa aliyekitafuta hakuhitaji kusoma kibao, alifuata sauti tu.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Banzi ni kile kifaa kigumu kinachofungwa mkononi ili mfupa uliovunjika au kano iliyoshonwa ipone bila kusumbuliwa. Zamani kilikuwa kipande cha mti. Yeye alitumia bamba la plastiki, ambalo alilitumbukiza kwenye sufuria pana ya maji ya moto mpaka likalainika kama unga uliokandwa. Alilitoa kwa koleo, akalifuta, akaligusisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe asije akamchoma mtu, kisha akalilaza juu ya mkono wa mgonjwa na kulishikilia mpaka lipoe. Likishapoa lilikuwa limechukua umbo la mkono huo na si mwingine. Kingo alizikata kwa mkasi mnene na kuzilainisha, maana banzi lenye ukingo mkali hutafuna ngozi, na mgonjwa anayetafunwa hulivua akifika nyumbani halafu akaapa kwamba hajaligusa.

Muda wote huo alikuwa anaongea. Seremala aliyekatwa na msumeno aliambiwa, "Msumeno haukukosea, baba. Siku hiyo ubao ulikuwa wewe." Mama mtu mzima aliyevunjika kiwiko aliitwa bibi harusi, akaahidiwa kwamba mpaka wamalize ataweza kujikuna mgongo bila kumwomba mzee wake. Wagonjwa walicheka, na walipokuwa wanacheka, vidole vilivyogoma wiki nzima vilikunjwa bila wenyewe kushtuka. Mkono hausikii, alipenda kusema, anayesikia ni mwenye mkono.

Hakuingia kazi hii kwa bahati. Baba yake alianguka kutoka kwenye paa yeye akiwa mdogo, mkono ukafungwa vibaya ukapona vibaya, kiwiko kikagoma kukunjika. Mzee yule aliishi miaka yake yote iliyobaki bila kuweza kufikisha tonge mdomoni kwa mkono wa kulia, akawa anakula amegeuzia watu mgongo. Mfupa ulikuwa umeunga, kwa hiyo kila mtu alimwambia amepona. Binti yake alikua akijua kwamba kupona na kupata mkono ni mambo mawili.

Siku moja kinyozi mmoja aliletwa na mke wake, mkono umevimba ndani ya bandeji. Alikuwa anabadilisha kioo kikubwa cha dukani, kikamteleza, naye akakidaka kama mtu yeyote anavyodaka kitu kinachoanguka. Kioo kikapita kwenye kiganja. Daktari wa upasuaji alimshona kano mbili, ya kidole cha kati na ya kidole cha pete. Kano ni kamba inayovuta kidole kikunjike. Ikikatika, kidole kinabaki kimenyooka kama kimesusa.

"Mama, nitashika mkasi lini?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Mkasi unashikwa kwa kidole gani?"

Akainua mkono mzima, ule usiofungwa, kumwonyesha. Dole gumba tundu moja, kidole cha pete tundu la pili. Mama Banzi alikuwa amekata plastiki maisha yake yote kwa ngumi nzima, na hakuwahi kujua kwamba vinyozi wana namna yao.

"Basi hicho cha pete ndicho tutakachokibembeleza," akasema.

"Siku hizi si kuna mashine?" mke akauliza.

"Mashine hata wewe unaweza kushika," kinyozi akamjibu. "Watu wanakuja kwangu kwa ajili ya mkasi."

Mama Banzi akamtengenezea banzi la kukaa mgongoni mwa mkono, kutoka chini ya kiwiko mpaka kwenye ncha za vidole, kifundo cha mkono kimeinama kidogo na vidole vimeinama zaidi, ili kano zilegee. Akamwonyesha kazi ya nyumbani. Avikunje vidole vya mkono mbovu kwa kutumia mkono mzima, kimoja kimoja, halafu aviache vijinyooshe vyenyewe mpaka viguse banzi. Visifanye kazi. Asishike kikombe, asishike taulo, asishike hata karatasi. Akaieleza mara mbili, akatia na mzaha wa mtoto mchanga anayebebwa bila kuulizwa anakwenda wapi. Mke alitikisa kichwa kukubali, mume naye akatikisa.

Mlangoni foleni ilikuwa imefika dirisha la dawa. Mtoto aliyeungua kiganja alikuwa analia, na maji ya sufuria yalikuwa yanafurika. Mama Banzi akafunga utepe wa mwisho wa banzi, akampiga kinyozi begani taratibu.

"Haya baba, jikaze."

Ni neno ambalo kila mtu analisema. Aliyefiwa anaambiwa jikaze, anayekwenda kwenye mtihani anaambiwa jikaze, hata gari bovu likipanda mlima utasikia abiria mmoja analiambia jikaze. Mara nyingi maana yake ni kwamba nakuonea huruma na sina cha kukupa. Mama Banzi alilisema kama mtu anavyovuta mlango akitoka, akamgeukia mtoto.

Kinyozi aliporudi, alikaa kitini anatabasamu. Akamwambia kwamba maumivu yamekwisha kabisa. Mama Banzi alifungua banzi ili asafishe ngozi, akaona kidole cha pete kimenyooka wakati cha kati kimeinama. Akambana misuli ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo ukibonyeza vidole hujikunja vyenyewe. Cha kati kikasogea. Cha pete hakikujibu. Akabana tena, ingawa alikuwa ameshajua.

"Umefanya nini nyumbani, baba?"

Kinyozi akaeleza bila kuficha, maana alidhani anaeleza jambo jema. Alikunja soksi za binti yake zikawa mpira, akauingiza kiganjani chini ya vidole, akawa anaufinya kila asubuhi. "Mwanzoni iliuma sana. Nikasema, si nimeambiwa nijikaze? Nikajikaza. Juzi nikasikia kitu kama uzi umekatika, halafu maumivu yakaisha. Nikajua nimepona."

Mke wake aliweka mkoba chini. "Soksi? Wewe si uliambiwa usishike kitu? Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya." Akamgeukia Mama Banzi. "Mama, hukumwambia?"

"Nilimwambia," Mama Banzi akajibu.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilitoka kwa urahisi. Kinyozi alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Mkono wake ulikuwa bado mikononi mwa Mama Banzi, kidole kimenyooka. Sentensi haikumaliziwa, kinyozi akainamisha macho, na mke akasema kwamba ameolewa na kichwa cha jiwe.

Daktari aliambiwa kwamba mgonjwa alifinya kitu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Daktari akasema wagonjwa hawasikii, akampangia upasuaji wa pili.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama Banzi alikuwa amejikwaa ulimi, na kidole kilichoumia kilikuwa cha mtu mwingine. Aliwaza hivyo akiosha sufuria, akawaza hivyo akiwa amekaa na mume wake, dereva mstaafu ambaye alizoea kulalamika kwamba maneno yote ya mkewe yanabaki hospitalini. Siku hizo hata huko hayakusikika. Chumba mwisho wa korido kilitulia, mpaka seremala wa msumeno akauliza kama mama anaumwa.

Kidogo kidogo sauti ikarudi, lakini kulikuwa na jambo jipya. Kabla mgonjwa hajaondoka, Mama Banzi alikaa kwenye kiti cha mgonjwa na kumpa yeye kiti chake. "Sasa mgonjwa ni mimi. Niambie nikifika nyumbani nifanye nini." Watu waliona ni mzaha mwingine. Kumbe yaliyotoka kwenye kile kiti yalimtoa jasho. Mwanamume mmoja aliyeambiwa asilowanishe bandeji alikuwa ameacha kuoga mwili mzima, na mke wake amehamia chumba cha watoto. Mama mmoja aliyeambiwa aupumzishe mkono alikuwa ameupumzisha pamoja na bega, bega likaganda. Mama Banzi alisikiliza akajiuliza ni wangapi walitoka mlangoni pale wakicheka, wamebeba neno ambalo yeye hakujua kama amewapa.

Jikaze hakulisema tena. Jirani yake alipofiwa, alisimama mbele yake akalitafuta neno lingine, hakulipata, akamshika mkono tu wakakaa.

Kinyozi aliendelea kuja, safari hii na kovu juu ya kovu. Kila walipokuja, mke aliwasimulia watu wa kwenye foleni habari za mpira wa soksi. Alikuwa msimuliaji hodari, aliigiza mpaka sura ya mumewe akifinya, na korido nzima ilicheka. Kinyozi naye alicheka. Mama Banzi alikuwa ndani anachovya plastiki, akisikia kila kitu. Mara kadhaa alikusudia kutoka na kusema. Mara maji yalikuwa yanachemka, mara daktari ameingia, mara mtoto analia. Sababu hazimkosi anayezitafuta.

Kilichomfariji ni huyo kinyozi mwenyewe. Hakumlaumu hata siku moja. Aliuweka mkono mezani akauacha uguswe, hata pale kovu lilipong'ang'ania na kulikanda kukawa na maumivu ya kweli. Akiulizwa, alirudia mafunzo yote neno kwa neno. Mama Banzi akaamini kwamba yule kijana amemwelewa, na amemsamehe bila kuhitaji kuombwa.

Siku moja kinyozi aliuliza, "Kidole kitafika kwenye kiganja?"

"Hakitafika, baba."

"Kitafika wapi?"

Akakikunja taratibu mpaka pale kilipokataa, kama nusu ya safari. "Hapa. Labda na unywele zaidi."

Kinyozi akapatazama mahali pale kwa muda mrefu. Nusu ilitosha kuingia kwenye tundu la mkasi. Haikutosha kufanya kazi ya siku nzima.

Kinyozi alipofungua duka tena, Mama Banzi alikwenda kukatwa nywele. Nywele zake alizoea kuzikata fupi, na mvi zilikuwa zimeshika pande zote mbili. Duka lilikuwa dogo na safi, kioo kipya ukutani. Mke alikuwa kwenye benchi anakunja taulo, kando ya mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake. Kinyozi alimfunga Mama Banzi shuka shingoni, akachana, akaanza. Alikata vizuri, lakini kila baada ya muda mfupi alitoa kidole cha pete kwenye mkasi, akakinyoosha, akakirudisha.

Mzee akaona. "Hicho kidole kimepatwa na nini, kijana?"

"Kioo," kinyozi akasema.

"Kioo na ukaidi," mke akadakia, tayari anacheka. "Babu, ngoja nikusimulie. Mtu ameambiwa asishike kitu, yeye anakunja soksi za mtoto..."

"Siyo ukaidi," Mama Banzi akasema kutoka ndani ya shuka.

Mkasi ukasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia ajikaze. Nilimweleza mengine yote, halafu mlangoni nikamwambia hilo. Yeye akashika la mwisho."

Mke alibaki na taulo mkononi. "Mama, siku ile mbona nilikuuliza?"

"Uliniuliza. Nikakujibu nusu."

Yule mzee akajifanya anatazama nje. Kisha mke akamgeukia mumewe, sauti imeshuka. "Na wewe ulijua? Mimi nakuita mkaidi mbele za watu, nawe unacheka na wao?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Kinyozi akakinyoosha kidole, akakitazama. "Ningesemaje? Mkono wangu ulikuwa kwake, na haukuwa umepona. Ningemuudhi, ningeupeleka kwa nani?"

Mama Banzi alijiona kwenye kioo kipya, kichwa tu kimetoka juu ya shuka, nywele zimekatwa upande mmoja. Kumbe miezi yote ile, utulivu aliouita msamaha ulikuwa hofu. Alimshika mtu mkono, na huyo mtu akamwogopa, na yeye akajisikia amependwa. Alitaka kusema pole, na neno lilikuwepo, lakini aliona kwamba akilitoa sasa kinyozi atalipokea kwa hofu ile ile, afadhali lisubiri mpaka mwenyewe alitake.

"Inamisha kichwa kidogo, mama," kinyozi akasema.

Akainamisha.