Namba Kumi na Mbili ya Watu Wawili

Aibu hii nimeificha vya kutosha, ila kwa kuwa hapa Miembeni mmeshaisikia vibaya, acheni niisimulie mwenyewe.

Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kuandika programu kwa C++, nimefika kwenye nyuzi, yaani programu moja kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kichwa kikavimba, nikamwahidi mama mkubwa, mwenyekiti wa wauza samaki kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kule Muleba, programu ya kugawa namba za kupakia kwenye gari la barafu, uzi mmoja lango la juu, mwingine lango la chini. Akanipigania kikaoni (wenzake hawakutaka kabisa, walitaka libaki daftari lao la kuandikia namba). Asubuhi ya kuanza nikaona ile kufuli inayoulazimisha uzi mmoja umsubiri mwenzake inachelewesha kidogo, nikaifuta! Kompaila inayokagua programu haikulalamika, nikajaribu mara tatu, safi, nikaenda natembea kwa maringo.

"Namba kumi na mbili!" mpakiaji akaita garini.

Wakasimama wawili, Bi Zuhura wa Bukoba mjini na Masatu, mvuvi wa visiwani, kila mmoja na karatasi yake, sangara wanapigwa jua. Badala ya kunyamaza nikamwambia Bi Zuhura, mama wa watu, kwamba amejiandikia mwenyewe. Ili kuthibitisha nikabonyeza vitufe vya malango yote mawili pamoja mbele ya umati. Zikatoka kumi na tatu mbili.

"Rudisheni daftari!" wakapiga kelele.

"Ai waitu, mwanangu, umeniaibisha," mama mkubwa akasema. "Daftari letu lina kalamu moja, asiye nayo anasubiri. Wewe umeweka kalamu ngapi?"

Hapo ndipo nikaelewa nilichokisoma wiki nzima bila kukielewa: nyuzi zote zilisoma kumi na moja kabla hata mmoja haujaandika kumi na mbili. Nikakaa juu ya kreti la samaki, laptopu magotini, nikarudisha kufuli. Masatu akabonyeza lango la juu, mama mkubwa la chini, mara mia kwa fujo zao zote, hakuna namba iliyojirudia! Vigelegele vikapigwa mwalo mzima, mimi machozi yananitoka kwa furaha.

Tukagawa namba upya. Nikampigia Bi Zuhura magoti kwenye tope, nikaomba radhi.

"Simama basi, unanizibia njia," akasema, "zamu yangu imefika."

Programu inatumika mpaka leo, na ikileta ubishi, wa kwanza kushukiwa ni mimi.