Mrija, Mianzi na Solo ya Pasaka

Aibu niliyoipata Jumapili ya Pasaka hapa Makambako sijawahi kuisimulia yote, hata mke wangu anajua nusu tu (ile aliyoiona kwa macho yake), kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kufikia Kwaresima sauti yangu ilikuwa inakwaruza vibaya, nikaenda Njombe, daktari akaniingizia kamera kooni akaona vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, vimeota kwa kupiga kelele, akanipeleka kwa dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya sauti. Yule dada hakunipa kidonge hata kimoja, alinipa mrija.

"Unauchovya kwenye chupa ya maji, unapuliza huku unaguna uuuu, mapovu yatoke," akasema. "Mara tano kwa siku, na kabla ya kuimba ni lazima. Kupiga kelele marufuku, kunong'ona pia marufuku. Ukifuata, huenda tukakikwepa kisu."

Nikafuata, ila kanisani sikumwambia mtu, maana mwalimu mzima niliyewafokea akina mama wa sauti ya pili miaka yote kwamba hawajui kutunza koo, leo nitangaze kwamba langu limeota vinundu? Halafu solo ya Pasaka ilikuwa yangu, na ningekiri tu angepewa mwingine.

Asubuhi ya siku yenyewe chupa yangu ya mazoezi sikuiona, nikachukua ile ambayo shemeji alituletea ulanzi jana yake, nikaisuuza mara moja (kiume, yaani nusu), nikajaza maji. Na kwetu mwalimu wa kwaya akikutwa na pombe ile ya mianzi, kwaya ndiyo kaiaga.

Matangazo yalipoanza (na matangazo yetu mnayajua, unaweza kwenda kupalilia ukarudi), nikachomoka, nikajificha nyuma ya kanisa kwenye mianzi ya jirani, nikachuchumaa, mrija mdomoni, uuuu, mapovu. Pembeni yangu ulanzi unadondoka taratibu kwenye vikombe vya mgema. Sehemu zote za kujificha duniani, mimi nikachagua hiyo!

"Kamwene, mwalimu."

Alikuwa Mama Mgaya, mzee wa kanisa na mwimbaji wa sauti ya pili, ametumwa kunitafuta. Salamu ya Kibena usipoijibu umemdharau mtu, lakini nilishaapa kutotoa neno mpaka solo, nikamwitikia kwa kichwa. Akaichukua chupa, akainusa.

"Mwalimu! Pasaka! Na mrija kabisa!"

Nikapagawa, nikafungua mdomo nijieleze, ikatoka sauti ya mlevi wa siku tatu. Akanishika mkono, akanivuta mpaka mbele ya madhabahu.

"Baba Mchungaji, solo leo hatuna. Nimemkuta kwenye mianzi, ananyonya."

Miaka kumi na minne ya kwaya niliiona inaondoka, na niliogopa kweli. Nikamnyang'anya chupa, nikachovya mrija mbele ya watu wote, nikapuliza, uuuu, mapovu yakaruka hadi kwenye viatu vya mchungaji, watoto wakaangua kicheko. Halafu nikaeleza kwa sauti ile ile mbovu: nina vinundu, hii ni tiba, chupa ni ya shemeji.

"Pole sana, mwalimu," mchungaji akasema. "Sasa hivyo vinundu vinaletwa na nini?"

Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa nimesimama madhabahuni.

"Kufoka," nikasema.

Sauti ya pili, akina mama kumi na mmoja, wakaitika kwa pamoja, "Aaamina!"

Solo akaimba Mama Mgaya, na aliimba vizuri, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Vinundu vimepungua sasa, kisu tumekikwepa, kwaya wameniachia. Chupa ya shemeji siigusi tena, na siku nikiumwa hata kidole nitaandika mwenyewe kwenye matangazo. Ila mazoezini nikianza tu kupandisha sauti, akina mama wale wanafungua mikoba, kila mmoja anatoa mrija wake, wananitazama. Nami naishusha.